Ubao unapandana, mkuku umepinda: maswali yenu kuhusu modeli za meli za mbao

Barua za safari hii nyingi zimegota mahali pamoja, kwenye bodi, yaani mwili wa meli. Chache zimefika kwenye kamba na matanga. Tumezipanga kwa mwendo wa kazi yenyewe. Seti tunazozizungumzia ni zile za boksi: mkuku (uti wa mgongo wa meli) na mataruma (mbavu zake) ya plaiwudi yaliyokatwa kwa leza, mafungu ya mbao nyembamba, fito za milingoti, uzi, na vikorokoro vya shaba. Kwa majina ya sehemu tumetumia yale ya waundaji wa majahazi. Yapo, na yanatosha.

Swali: Mkuku wa seti yangu ni plaiwudi ya milimita 5. Nikiulaza kwenye meza ya kioo, katikati unaacha mwanya wa kama milimita 3. Niendelee, nikitegemea mataruma yataunyoosha? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Hayataunyoosha. Yatasimama wima juu ya kitu kilichopinda, na meli yako itatazama kushoto maisha yake yote. Upitishe mkuku juu ya mvuke wa sufuria kwa dakika chache, upande ulioingia ndani ukiwa chini, kisha ubane kati ya vyuma viwili vilivyonyooka (vipande vya fremu ya dirisha la alumini vinafaa sana) kwa siku mbili. Usiuloweke majini, plaiwudi ikilowa sana, matabaka yake huachana. Ukiutoa na mwanya umebaki chini ya milimita 1, endelea, lakini gundisha vibonge vya mbao kati ya taruma na taruma, kulia na kushoto. Hivyo ndivyo vinavyofunga mkuku usirudi ulikotoka. Ukibaki milimita 2 au zaidi, uchore juu ya plaiwudi mpya na uukate upya. Iwe milimita 5 ileile. Ukinunua ya 6 kwa kudhani ina nguvu zaidi, itabidi upanue nafasi ya kila taruma.

Na kagua jambo moja zaidi, maana mikuku mingi hutoka kwenye boksi imenyooka, ikapindishwa mezani. Taruma liingie kwa kusukumwa na kidole, lisimame lenyewe bila gundi. Likigoma na ukaligonga, linapanua nafasi yake, na mkuku unakunjika upande wa pili. Paka msasa kuta zote mbili za nafasi, sawasawa, na uondoe weusi ulioachwa na leza. Gundi haishiki vizuri kwenye masizi.

Swali: Mbao za ubavuni zinakaa vizuri katikati, lakini zikifika omo (mbele ya meli) zinainua ukingo mmoja na kupandana kama vigae. Seti ni ya matabaka mawili: la kwanza mbao za milimita 1.5 × 5, la pili mbao za wolnati za 0.6 × 5. Nimeshaweka mbao saba kila upande. Nibandue, au nitaficha na msasa? (Msomaji, Kilindini, Mombasa)

Jibu: Bandua. Saba ni chache, na msasa utakutobolea ubao kabla haujasawazisha kitu. Gundi nyeupe huachia ukiipaka spiriti ya isopropili kwa brashi kwenye kiungo, ukasubiri robo saa, ukapenyeza kisu bapa. Kama ulitumia supaglu, tafuta asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, na uwe na subira zaidi.

Ubao wa 1.5 × 5 hupinda kwa ubapa wake bila taabu. Kwa ukingo wake haupindi. Ukiulazimisha unajipindua, ukingo unainuka, na hapo ndipo vigae vyako vinapotoka. Unaulazimisha kwa sababu nafasi ya omo ni ndogo kuliko ya katikati, na mbao zako zote zina upana mmoja.

Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe juu ya taruma la katikati kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku, utie alama. Tuseme umepata milimita 100. Kwa mbao za milimita 5, hizo ni mbao 20. Sasa pima taruma la mbele kabisa. Ukipata 66, gawa kwa 20: kila ubao uwe na upana wa 3.3 unapofika hapo. Fanya hivyo kwa kila taruma na uandike jibu kwa penseli kwenye taruma lenyewe. Ubao upunguzwe taratibu kuanzia pale nafasi inapoanza kubana, kwa randa ndogo au kisu na rula ya chuma. Ule wa kulia na ule wa kushoto uzibane pamoja, uzirande pamoja, zitoke pacha.

Usishuke chini ya nusu ya upana. Hesabu ikikudai milimita 2, ncha itakuwa nyembamba mno, itapasuka. Hapo mbao mbili zinaishia kwenye moja: mmoja unakatwa butu kabla ya kufika omo, mwenzake anachukua nafasi yote. Kwenye tezi (nyuma ya meli) mambo hugeuka. Ukanda unaweza kukupa 115, yaani 5.75 kwa kila ubao, na ubao wako ni wa 5. Usiuvute. Acha mbao zilale zinavyotaka, mwanya wa umbo la kabari utajitokeza wenyewe, nawe ukate kabari ya kuujaza. Watu huona haya kutumia kabari. Meli halisi zimejaa kabari hizo.

Lakini hesabu hii yote ni bure kama mataruma hayajachongwa, na tunashuku hayajachongwa, kwa jinsi ulivyoeleza. Leza hukata ukingo wa taruma ukiwa wa mraba. Ubavu wa meli unapinda, kwa hiyo ubao unakaa kwenye kona moja tu ya ukingo badala ya kukaa kwenye unene wake wote. Bandika msasa namba 100 kwenye kijiti kinachonesa, kirefu cha kugusa mataruma matatu au manne kwa pamoja, usugue kufuata mkondo wa meli. Kwa mataruma ya omo unaondoa kona ya mbele, kwa ya tezi kona ya nyuma. Kabla ya kuanza, paka penseli ukingo mzima. Penseli ikifutika hadi kwenye kona iliyo upande wa katikati ya meli, simama. Ukiizidi hiyo umeanza kulipunguza taruma lenyewe. Ukishapitiliza, bandika kipande cha wolnati ya 0.6 juu yake usugue tena. Jaribio ni rahisi: laza ubao mmoja mkavu, bila gundi, kutoka omo hadi tezi. Ukiona mwanga chini yake kwenye taruma lolote, bado.

Kwa kupinda, loweka ubao kwenye maji ya uvuguvugu kama nusu saa, uzungushe kwenye mkebe, uupitishie pasi, kisha ubane mahali pake mpaka kesho. Ukauke kabisa ndipo uugundishe. Ubao ulioloa umevimba. Ukikauka ukiwa umeshagundishwa unanywea. Kila mmoja ukinywea sehemu moja tu ya kumi ya milimita, mbao 20 ni milimita 2 za mianya. Weka mmoja kulia, mmoja kushoto, kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, utauvuta mkuku kama upinde.

Pini za shaba za kwenye boksi ni za kushikilia tu. Kwenye skeli ya 1:64, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 64, kichwa cha pini cha milimita 2 ni sawa na msumari wenye kichwa cha sentimita 13, sahani ya chai. Zing'oe zote kabla ya wolnati.

Swali: Nimemaliza tabaka la kwanza. Kwenye tezi, mbao zimekuwa nene kuliko fashini yenyewe (mti wa nyuma unaoshika usukani). Usukani nitauweka wapi? (Msomaji, Unguja)

Jibu: Dada, hesabu yake ni hii. Fashini ina milimita 5. Tabaka la kwanza 1.5, la pili 0.6, jumla 2.1 kila upande, 4.2 pande zote mbili. Kwa hiyo plaiwudi ya mkuku, pale chini mbele ya fashini, ilitakiwa ibaki na unene wa milimita 0.8 hivi, iteremke polepole kutoka kwenye 5. Maelekezo mengi ya seti yana mstari mmoja tu juu ya jambo hili, tena bila mchoro. Sasa umeshaweka mbao, kwa hiyo sugua tabaka la kwanza lenyewe, sentimita 5 au 6 za mwisho, mpaka libaki kama karatasi ya maboksi. Hata likitoboka mahali pamoja, wolnati itafunika. Pima kila mara kwa kushikiza fashini bila kuigundisha.

Swali: Gundi ipi? Rafiki yangu anatumia supaglu kila mahali na anamaliza haraka. (Msomaji, Temeke, Dar es Salaam)

Jibu: Gundi nyeupe ya mbao kwa mkuku, mataruma, tabaka la kwanza na sitaha. Inakupa dakika kadhaa za kusogeza kitu kabla hakijashika, na ikikosewa inabanduka. Kwa wolnati, paka nyeupe ubao mzima, kisha matone mawili matatu ya supaglu nzito ya kushikilia ncha. Supaglu ikimwagikia usoni pa ubao inaingia ndani ya nyuzi, na ukipaka vanishi doa linajitokeza, rangi haishiki. Hapo rafiki yako ataijua bei ya haraka yake.

Kwa hewa ya Dar, supaglu hukauka upesi kwa sababu inashikishwa na unyevu, na chupa iliyofunguliwa haikai. Ifunge vizuri, uitie kwenye mkebe wenye kifuniko ndani ya friji, uitoe ipate joto la chumba kabla ya kufungua. Usiipanguse kwa pamba: ikikutana na pamba inapata moto, inaweza kukuunguza.

Swali: Shikamooni. Nina miaka 15. Mjomba ameahidi kuninunulia seti, ninataka ile meli ya Amiri Nelson wa Uingereza, Victory. Nitaiweza? (Kijana, Kisumu)

Jibu: Marahaba. Victory ilishushwa majini mwaka 1765, ina milingoti mitatu na mizinga zaidi ya 100. Kila mzinga unaoonekana sitahani una kigari chake, na kila kigari kina magurudumu manne. Si kwamba ni vigumu kutengeneza kigari. Ni kwamba utatengeneza kilekile mara kadhaa wa kadhaa kabla hujafika kwenye kamba, na kamba ndiyo nusu ya kazi. Mwambie mjomba akununulie dori, ile mashua ndogo ya wavuvi yenye chini bapa, au chombo cha mlingoti mmoja chenye bodi la sentimita 30 hadi 40, kisicho na mizinga. Bei yake ni ndogo na utajifunza kuchonga, kupinda na kupunguza ubao. Pesa itakayobaki ninyi wawili mnunue jiliwa ndogo (ya kubania kazi), drili ya mkono yenye ncha za milimita 0.5 hadi 1, na kikoleo kizuri cha kung'olea nyusi. Vibanio vya nguo vya mama vinatosha kwa kubana, ila muulize kwanza.

Swali: Ninajenga Bluenose kwa skeli ya 1:64. Sitaha niikate mbao za urefu gani, na ule mstari mweusi wa kalafati (ya kuziba mianya) kati ya ubao na ubao ninaupataje? Nimejaribu kalamu ya wino ikasambaa. (Msomaji, Halifax, Kanada)

Jibu: Unajenga meli iliyozaliwa jirani kwako: ilishushwa Lunenburg mwaka 1921, na wenyeji wako wanaibeba mfukoni kwenye sarafu ya senti kumi tangu 1937. Ilikuwa na urefu wa kama mita 43.6, hivyo bodi lako ni sentimita 68. Ongeza dasturi, ule mti unaotokeza omo, na boriti ya chini ya tanga kuu inayotokeza tezi kabla hujapima kabati la kioo.

Kata mbao za sitaha milimita 112. Kwa skeli yako hiyo ni kama mita 7.2, urefu ambao seremala angeweza kuupata na kuubeba. Viungo visikae sambamba wala visipande kama ngazi. Anza safu ya kwanza kwa ubao mzima wa 112, ya pili kwa kipande cha 56, ya tatu 84, ya nne 28, kisha urudi mwanzo. Kila kiungo kitaangukia kwenye mstari wa boriti inayobeba sitaha, milimita 28 kwa 28, na hakuna viungo viwili jirani vitakavyogusana.

Wino husambaa kwa sababu unafuata nyuzi za mbao, na vanishi inauamsha upya. Tumia penseli laini, 2B. Zibane mbao kumi pamoja kama sandwichi, zisuguliwe kingo kwa penseli, upande mmoja tu; ukipaka pande zote mstari unakuwa mnene kama barabara. Ncha za mbao zipake vilevile. Ukishagundisha, usisugue kwa msasa, maana unga wa penseli utachafua sitaha yote. Kwangua kwa wembe uliosimama wima.

Swali: Ngazi za kamba za mlingoti wangu zimebana katikati, zimekuwa kama kiuno cha nyigu. Na uzi wa seti una manyoya. (Msomaji, Kampala)

Jibu: Umevuta mafundo. Kamba ya kukanyagia hupita tu juu ya kamba kubwa za mlingoti na kushikwa kwa fundo la kitanzi mara mbili. Haivutwi kati ya moja na nyingine. Chora mistari kwenye kadi nyeupe, umbali wa milimita 5.5 (kwa 1:64 ni sentimita 35, hatua ya baharia), uibane nyuma ya kamba. Anza fundo kwenye kamba ya katikati, halafu nenda pembeni, na kila baada ya ngazi tano rudi nyuma uitazame kwa mbali. Tone dogo la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji likaze fundo, ndipo ukate ncha.

Kamba kubwa zenyewe zifungwe kwa zamu: jozi ya kulia, jozi ya kushoto. Na vile vigurudumu vya mbao vyenye matundu matatu vikae mstari mmoja. Pinda waya uwe na ncha mbili, moja iingie tundu la kigurudumu cha juu, nyingine la cha chini. Waya huohuo ndio kipimo cha vyote.

Manyoya: vuta uzi juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili, kisha kati ya vidole. Makapi ya kupitishia kamba nayo, ambayo kwenye seti huja yana kona kali, yatie kwenye kichupa ulichokibandika msasa ndani, utikise dakika chache.

Swali: Modeli niliyoijenga Mombasa nimekuja nayo Toronto. Baridi ya kwanza tu, ubavu umepasuka mistari mirefu na kamba zimelegea. (Msomaji, Toronto)

Jibu: Mbao zilizoea unyevu wa pwani, zikakutana na nyumba yenye hita. Zimenywea. Kamba za pamba nazo hufupika zikipata unyevu na kurefuka zikikauka. Usijaze nyufa sasa hivi. Hewa ya huko ikipata unyevu wakati wa joto zitajifunga kidogo, na kijazio kitasukumwa nje. Iweke mbali na hita, ndani ya kabati la kioo lenye kikombe kidogo cha maji kwenye kona, ungoje miezi. Anayejenga sasa pwani kwa nia ya kusafiri, apake gundi nyeupe iliyozimuliwa maji upande wa ndani wa bodi kabla ya kufunga sitaha. Ubao uliopakwa nje tu hupumua upande mmoja. Na nyuzi ziwe za polista.

Swali: Nimepata seti ya jahazi la Kiarabu. Mzee wangu, aliyesafiri na majahazi kati ya Sur na Zanzibar, ameitazama akacheka. Amekataa kusema kwa nini. (Msomaji, Maskati)

Jibu: Mpe heshima zake. Huenda alicheka mambo matatu au manne, nayo yote yanarekebishika.

Foromali, mti unaobeba tanga. Kwenye seti nyingi ni ufito mmoja uliochongwa ncha. Foromali ya jahazi kubwa ni miti miwili au zaidi iliyolazwa pamoja na kufungwa kamba mahali inapopishana. Chukua fito mbili, zipishane theluthi moja, uzifunge uzi wa rangi ya katani mahali kadhaa. Mlingoti: seti huusimamisha wima, wa jahazi huinamia mbele. Toboa sitaha kwa pembe, na uchonge kitako chake kiingie sawa kwenye mwashiri, mti wa chini unaokipokea. Tanga: kwenye majahazi makubwa si pembetatu kamili, kona ya mbele imekatwa, kwa hiyo lina ukingo mfupi huko mbele. Kitambaa cheupe mno kichemshe kwenye chai ya rangi, bila sukari, la sivyo sisimizi watakuwa mabaharia wako.

Na rangi. Vanishi inayong'aa mwili mzima haijaonekana baharini. Chini ya mstari wa maji jahazi hupakwa deheni, chokaa na shahamu, nyeupe isiyong'aa. Changanya rangi nyeupe ya maji na chembe ya kahawia. Juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, yanayoiacha mbao na weusi wa kahawia. Mafuta ya kitani yaliyopakwa mara mbili na kupanguswa yanakaribia sana, na hayanuki kama sifa.

Kitu kimoja hutakirekebisha. Fundi wa jahazi alizoea kupandisha mbao za ubavu kwanza, kwa jicho, bila mchoro, kisha akachonga mataruma yaingie ndani yake. Seti yako inaanza na mataruma. Mzee akicheka tena, muulize hilo.